Ukuta wa Buster Keaton: tunauigizaje bila kuumiza mtu?

Jukwaa_Moshi: Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kinaandaa usiku wa filamu bubu. Tunataka kuigiza lile tukio la *Steamboat Bill, Jr.* (1928): ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Buster Keaton, yule mchekeshaji wa Marekani wa filamu bubu, anaponea kwenye uwazi wa dirisha. Vipimo vinapatikanaje? Halafu kwenye nakala yetu watu wanatembea mbiombio. Ni mbovu?

FundiSeti_Arusha: Mkuu, ukuta unafungwa bawaba chini. Dirisha likiwa mita 3 juu, mwigizaji anasimama mita 3 mbele ya ukuta. Wengi wanakosea hapa: wanapima miguu, wanasahau kichwa. Dirisha linashuka kwa tao, linafika kichwani kabla ya kugusa chini. Kwa mtu wa mita 1.65 (unene sentimita 30), uwazi uanzie mita 2.85 na uishie mita 3.56 kutoka kwenye bawaba. Ongezeni sentimita 20 juu na chini, na upana uzidi mabega vizuri.

Keaton alitumia ukuta mzito kwa sababu seti ilikuwa na mashine za upepo, mwepesi ungepinda. Nyie msithubutu uzito ule! Fremu ya mbao nyembamba na maboksi, ndani ya ukumbi, feni zimezimwa. Jaribuni kwanza na gunia lililosimamishwa kwa kimo cha mwigizaji. Wekeni tepu sakafuni anaposimama, na mikono ibaki chini. Akiinua kiwiko, fremu inakichukua.

Mama_Sinema: Nakala ni nzima. Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi chini ya fremu (picha) 24 kwa sekunde. Iliyopigwa kwa 18 ikichezwa kwa 24 inakimbia. Punguza kasi hadi 0.75. Ila usipunguze kila kitu: kwenye vichekesho vya kukimbizana kamera ilizungushwa polepole makusudi ili watu waonekane wakikimbia zaidi. Pimeni kwa mtu anayetembea kawaida.

Jukwaa_Moshi: Asanteni sana. Na Keaton ule ustadi wa mwili alifundishwa wapi?

Mama_Sinema: Jukwaani, mwanangu. Alizaliwa 1895 Kansas, wazazi wasanii. Baba akimrusha huku na huko mbele ya watazamaji tangu utotoni. Alijua kuanguka kabla hajaijua kamera, aliyoikuta 1917 kwa mchekeshaji wa filamu Roscoe Arbuckle. Wanaosema ujio wa filamu za sauti ndio uliommaliza wanamwonea. Mwaka 1928 alijiunga na MGM, studio kubwa ya filamu, akapoteza uhuru wa kujipangia kazi zake. Mwigizaji wenu basi aanze na mazoezi ya kuanguka kwenye godoro, uso ukiwa mkavu kama wa Keaton.