Noti za kale za Marekani: nianzie Kontinentali, za makoloni au za benki binafsi?

Mgeni wa Noti
Wakuu, habari za jioni. Noti zetu za shilingi ninazo za kutosha, sasa nataka kugusa za Marekani, zile za kabla ya dola hii tunayoijua. Mfuko wangu unaruhusu noti moja ya maana kwa mwaka. Nasita kati ya za Kongresi, yaani baraza la pamoja la makoloni 13 yaliyoasi Uingereza (Kontinentali, 1775 hadi 1779), za makoloni yenyewe, na zile ambazo benki binafsi za karne ya 19 zilijitolea zenyewe. Nipo Dar, nitanunua kwenye minada ya mtandaoni.

Mzee wa Karatasi
Kontinentali, usijitese. Kongresi ilichapa takriban dola milioni 241 za kuendeshea vita vya uhuru, zikaporomoka vibaya, na sheria ya 1790 ikazikomboa kwa senti moja kwa kila dola, tena kwa hati fungani. Wengi hawakuona sababu ya kuzirudisha, ndiyo maana bado zinapatikana. Itafute ile ndogo ya Februari 17, 1776, ya sehemu ya dola: mbele saa ya jua, nyuma pete 13 zilizoshikana, kila pete na jina la koloni lake. Haichoshi macho.

Bi Nakshi
Napinga. Kontinentali zilighushiwa mno. Waingereza walizichapa za bandia New York makusudi ili kuua thamani yake, na matoleo ya Mei 20, 1777 na Aprili 11, 1778 Kongresi ililazimika kuyaondoa kwenye mzunguko. Mimi ningechukua ya koloni la Pennsylvania yenye jani la mti mgongoni. Hiyo ni mbinu ya mchapaji Benjamin Franklin: jani halisi lilitengenezewa kalibu, likatoka bamba la kuchapia, na mishipa yake hakuna mchongaji aliyeiweza kwa mkono. Iinamishe kwenye taa uone chembe za ulanga (madini ya kung'aa, mica) zikimeta ndani ya karatasi. Imeandikwa wazi kwamba anayeghushi adhabu yake ni kifo. Na kwa kuwa unakusanya shilingi, za 1773 zimeandikwa kwa shilingi!

Mzee wa Karatasi
Bi Nakshi, majani na ulanga hata Kontinentali zinavyo, wachapaji ni Hall na Sellers, wale wale waliochapa za Pennsylvania. Bandia za wakati ule nazo zina wateja wake.

Bi Nakshi
Zina wateja wanaojua wanachonunua. Huyu ndiyo kwanza anaanza. Nyongeza: zipo za New Jersey za Machi 1776 zenye sahihi ya wino ya John Hart, yule aliyesaini Azimio la Uhuru wa Marekani.

Mvuvi wa Minada
Za benki binafsi mmezitupa hivi hivi? Treni, meli, wavunaji, michoro yake hakuna noti ya koloni inayoifikia. Ziliuawa na kodi ya asilimia 10 juu ya noti za aina hiyo, iliyopitishwa 1865. Canal Bank ya New Orleans iliacha mabunda ya noti ambazo hazikuwahi kutolewa, safi kabisa, bei ya kawaida. Ila hazikununua hata mkate, na kwangu hilo ni pungufu.

Halafu, noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States, namba 8894, ya Desemba 15, 1840: ukiiona, pita. Ni nakala ya ukumbusho, zimezagaa kila mnada. Karatasi ya njano iliyokakamaa, inayolia kama jani kavu, achana nayo pia. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala ziandikwe COPY, lakini nyingi zilishachapwa kabla yake.

Mgeni wa Noti
Bi Nakshi kanishinda. Nimeona ya Pennsylvania ya 1773, shilingi 20, ila imeshonwa uzi katikati. Niiache?

Bi Nakshi
Kwa uzi tu, usiiache. Noti ikichanika kwenye mkunjo watu waliishona au kuibana pini, wakaendelea kununulia. Ogopa gundi na viraka vya kisasa, mara nyingi muuzaji havitaji. Mwombe picha ya mgongo, na nyingine noti ikiwa imeinuliwa mbele ya taa.

Mgeni wa Noti
Namwandikia sasa hivi. Mnada unafungwa Jumapili.