Maski na uangavu vinapotea ninapotoa picha: nihifadhi faili gani, na mchapaji nimpe lipi?

MchoraKadi (Mombasa)

Salaam kwenu wataalamu. Ninatengeneza kadi za harusi na fulana za kamati, na programu ninayotumia ni GIMP. Wiki iliyopita nililetewa picha ya bibi harusi aliyepigwa mbele ya ukuta mweupe, amejifunika shela jepesi linaloonyesha nywele na mabega kwa ndani. Kazi niliyopewa ilikuwa kumtoa kwenye ukuta huo na kumweka juu ya mandharinyuma ya buluu iliyokolea. Nilitumia maski ya tabaka (kifuniko kinachoficha sehemu za tabaka, yaani moja ya picha zinazopangwa juu ya nyingine, bila kuzifuta) badala ya kifutio, kwa sababu niliwahi kuungua zamani kwa kufuta moja kwa moja, na nilimaliza jioni mbili nikiichora maski hiyo, hasa kwenye shela, ambapo niliipaka kijivu ili kitambaa kionekane nusu.

Ndani ya programu kila kitu kilikuwa sawa. Matatizo yalianza nilipotoa faili, yaani kuandika picha kwa aina ambayo wengine wanaweza kuifungua. JPEG ya kwanza ilitoka na mandharinyuma nyekundu, rangi ambayo sikuiweka mahali popote katika picha. Nilipotoa tena siku ya pili ikawa nyeupe, ingawa picha yenyewe sikuigusa. PNG ilionekana vizuri kwenye kompyuta yangu, lakini mteja niliyempelekea kwa WhatsApp alilalamika kwamba nyuma ya bibi harusi kuna weusi mtupu. Nilipoiweka PNG hiyo hiyo juu ya buluu, nywele zilizungukwa na uzi mweupe kana kwamba zimekatwa kwa mkasi butu. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilipoifungua PNG ili nirekebishe ukingo wa bega, maski haikuwepo: lipo tabaka moja tu, na sehemu nilizozificha hazirudi. Programu iliniuliza wakati wa kufunga kama ninataka kuhifadhi, nami nikajibu hapana nikidhani PNG inatosha.

Je, kuna aina ya faili inayotunza maski na uangavu (zile sehemu wazi zinazoonyesha kilicho nyuma) kwa pamoja? Mchapaji apewe faili gani? Na ile kazi ya jioni mbili, inaweza kuokolewa?

FundiTabaka (Dar es Salaam)

Pole sana, ndugu yangu. Nianze na habari njema: ikiwa picha ya awali uliyoletewa bado unayo, kazi yako haijapotea. Nitaeleza namna ya kuirudisha, lakini kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea, maana umechanganya vitu viwili ambavyo kwenye kioo cha kompyuta vinafanana.

Maski ni picha ya kijivu iliyopachikwa kwenye tabaka. Palipo peupe panaonekana, palipo peusi pamefichwa, na kijivu huonyesha nusu nusu. Rangi za tabaka lenyewe haziguswi, na ndiyo maana unaweza kubadilisha uamuzi wako hata baada ya mwaka. Chaneli ya alfa ni matokeo ya uamuzi huo, yaani kila pikseli (nukta moja ya picha), pamoja na nyekundu, kijani na buluu yake, hubeba namba ya nne inayosema imezibwa kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 255. PNG ina nafasi ya namba hiyo ya nne. Haina nafasi ya matabaka wala ya maski. Kwa hiyo ulipotoa PNG, programu iliyaunganisha matabaka yote, ikaitekeleza maski, kisha ikaandika alfa iliyopatikana. Haikukosea, ilifanya jambo pekee ambalo aina hiyo ya faili inaliruhusu.

JPEG haina hata hiyo namba ya nne. GIMP inapolazimika kuondoa uangavu ili kuandika JPEG, hujaza mahali palipo wazi kwa rangi ya mandharinyuma iliyochaguliwa wakati huo kwenye kisanduku cha zana. Siku ya kwanza bila shaka ulikuwa umeacha nyekundu hapo kutoka kazi nyingine, na siku ya pili ikawa nyeupe. Mchawi wako ndiye huyo. Weusi wa WhatsApp nao ni ndugu wa jambo hilo hilo, kwa kuwa ukituma kitu kama picha, hubadilishwa kuwa JPEG njiani na uangavu ukaishia hapo. Kitume kama hati, nacho kitafika kama ulivyokituma.

Faili linalotunza kila kitu ni lile la programu yenyewe. Kwa GIMP ni XCF, ambalo huhifadhi matabaka, maski, chaneli, njia (mistari uliyoichora) na hata eneo ulilolichagua. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya kuhifadhi katika GIMP huandika XCF peke yake, na aina nyingine zote zimewekwa kwenye amri tofauti ya kutoa faili. Wengi waliukasirikia mpangilio huo, mimi mmojawapo, lakini ulikusudiwa kuwalinda watu na ajali kama yako. Ukifanya kazi na mtu wa Photoshop, mpe PSD, faili la Photoshop yenyewe: GIMP inaweza kuiandika pamoja na matabaka na maski zake, ila maandishi yatageuka kuwa picha na hataweza kuyahariri kama maandishi. Kwa mtu wa Krita, programu nyingine ya kuchora, kuna pia ORA, ambayo kwa ndani ni kifurushi cha zip chenye PNG ya kila tabaka na orodha ya mpangilio wake. Mimi huitumia pale tu ninapoombwa.

Sasa uokoaji. Fungua picha ya awali, kisha ifungue ile PNG kama tabaka jipya juu yake. Badilisha alfa ya tabaka la PNG kuwa eneo lililochaguliwa. Vile viwango vya kijivu vya shela vitakuja navyo, kwa sababu uchaguzi katika GIMP si wa ndiyo na hapana tu. Rudi kwenye tabaka la picha ya awali, ongeza maski, na uielekeze itokane na uchaguzi huo. Maski yako ya jioni mbili imerudi, na chini yake kuna picha nzima. Sharti ni kwamba picha hizo ziwe na vipimo sawa. Ikiwa uliikata au kuipunguza PNG, itabidi kwanza uzilinganishe kwa mkono, na hapo usahihi wa ukingo utapungua kidogo. Baada ya hapo hifadhi XCF kabla hujafanya jambo lolote jingine.

Kijana_wa_Kazi

Kwa heshima, kaka, sioni sababu ya kuhangaika namna hii. Siku hizi kuna tovuti zinazoondoa mandharinyuma kwa sekunde chache, na PNG unayopata ni safi. Jioni mbili kwa picha moja ni hasara.

PichaZaPwani (Zanzibar)

Kwa kikombe cha chai au kiatu ninakubaliana nawe, mdogo wangu. Kwa shela, hapana. Nilizozijaribu zilinipa moja kati ya mambo mawili: ama zilikata shela lote kama sehemu ya ukuta, ama ziliacha ukuta ndani yake. Zaidi ya hayo, unapewa alfa iliyokwisha kutekelezwa, kwa hiyo unarudi kwenye tatizo lile lile la kukosa maski ya kurekebisha.

Ninataka kulizungumzia suala la uzi mweupe, kwa sababu hapo maski haina kosa na faili halina kosa. Kosa limo ndani ya rangi. Kamera iliposhika unywele mbele ya ukuta mweupe, pikseli ya ukingoni ilipata nusu ya unywele na nusu ya ukuta. Tuchukue namba. Unywele halisi una mwangaza wa 45, ukuta 255, na pikseli hiyo imegawana sawa kwa sawa, kwa hiyo kamera iliandika 150. Maski yako ikasema kwa usahihi kwamba pikseli imezibwa nusu. Sasa iweke juu ya buluu yenye mwangaza wa 40: programu inachukua nusu ya 150 na nusu ya 40, unapata 95. Ingekuwa na rangi ya unywele wenyewe, ingechukua nusu ya 45 na nusu ya 40, ukapata kama 43. Tofauti hiyo ya 95 na 43, ikipangwa mstari mzima kuzunguka kichwa, ndiyo uzi unaouona. Ukuta bado umo ndani ya picha, ingawa umeufukuza kwa maski.

Watu wengi hukimbilia kuipunguza maski kwa pikseli moja au mbili kuelekea ndani. Kwenye bega inafaa. Kwenye nywele unazinyoa. Njia ninayoipendelea ni kuacha maski kama ilivyo, kuhakikisha kwamba ninachochora ni tabaka na si maski, kisha kwa brashi laini kupaka rangi ya nywele zenyewe, niliyoidonoa pikseli chache ndani, juu ya ukingo ule. Maski itaamua kiasi kinachoonekana. Wewe unabadilisha rangi tu. GIMP ina pia amri ya kugeuza rangi kuwa alfa, ambayo hufanya ile hesabu ya juu kinyumenyume na kuitoa nyeupe ndani ya kila pikseli. Ni nzuri kwa nywele, lakini usithubutu kuipitisha kwenye shela, kwa sababu shela nalo ni jeupe na litayeyuka pamoja na ukuta. Kwa shela, dona rangi ya kitambaa mahali palipokunjamana, kikawa kizito, ipake kwenye tabaka, na uiachie maski kazi ya wepesi. Mikunjo yenye kivuli usiifunike, maana ndiyo inayofanya kitambaa kionekane kitambaa.

Nyongeza ndogo kuhusu siri za wateja. Unapotoa PNG kuna kisanduku cha kuhifadhi thamani za rangi za pikseli angavu. Kikiwa kimewekwa alama, rangi za sehemu zisizoonekana zinaweza kubaki ndani ya faili, na mtu anayejua anaweza kuzifunua. Kuna wakati hilo linakufaa, lakini kama umemficha mtoto wa jirani aliyesimama nyuma ya bibi harusi, au namba ya gari, ondoa alama hiyo kabla hujatuma.

BiMchapaji (Nairobi)

Nimesoma yote kwa furaha, ila ninaomba mtukumbuke sisi tunaopokea mafaili hayo, kwa sababu kadi na fulana haziendi njia moja.

Kwa kadi, sihitaji uangavu wako hata kidogo. Kadi ina mandharinyuma ya buluu, na wewe unaijua. Basi iunganishe picha yote nyumbani kwako, ukiiona kwa macho yako, unipe kitu kilichokamilika. PNG haiwezi kubeba rangi za CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji), kwa hiyo nipe TIFF au PDF. Uangavu uliingia rasmi katika PDF kwa toleo la 1.4 la mwaka 2001, lakini kiwango cha PDF/X-1a, ambacho baadhi yetu bado tunakidai, hakiuruhusu, wakati PDF/X-4 kinauruhusu. Ukiniletea uangavu mahali ambapo mashine haiutaki, mtu mwingine ndiye atakayeamua namna ya kuuondoa, na hutapenda uamuzi wake.

Fulana ni habari nyingine. Kwa DTF, yaani kuchapa kwenye filamu na kuihamishia kitambaani kwa joto, ninahitaji PNG yenye uangavu, kwa vipimo vya mwisho na pikseli 300 kwa inchi. Mchoro wa inchi 12 kwa upana uwe na pikseli 3600. Shida ni kwamba mashine huweka wino mweupe nyuma ya rangi ili ionekane kwenye kitambaa cheusi. Wino huo haujui nusu yako ya shela. Penye alfa ya 128 utapata utando wa maziwa, au sehemu isiyoshika vizuri na kubanduka ikifuliwa. Ndiyo maana shela lililopendeza kwenye kadi linakuwa ukungu kwenye fulana.

Kwa kazi hiyo ninawashauri wateja wangu waibadilishe maski ya shela kuwa vitone, kila kitone kikiwa kimezibwa kabisa na nafasi kati yake ikiwa wazi kabisa. Kwa mbali jicho huona wepesi, na mashine huona ndiyo na hapana tu. Lifanye hilo kwenye nakala ya XCF, siyo kwenye XCF mama, kwa sababu vitone havirudi kuwa kijivu.

MchoraKadi (Mombasa)

Ninawashukuru wote, na shikamoo Bi Mchapaji. Maski imerudi. Nilikuwa nimeikata PNG pembeni, kwa hiyo nililazimika kuisogeza juu ya picha ya awali huku nimeipunguzia uzibaji hadi macho yalipolingana. Baada ya hapo nikairudishia uzibaji wake wote ndipo nikageuza alfa kuwa uchaguzi, na shela likaja na kijivu chake chote. Nywele nimezipaka kama alivyoelekeza PichaZaPwani, na uzi umeondoka, isipokuwa karibu na sikio la kushoto, ambapo nadhani maski yangu yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Vitone nimevijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilivifanya vikubwa mno na bibi harusi akaonekana amevaa chandarua. Vya sasa ni vidogo zaidi. Kesho ninapeleka kipande cha majaribio kichapwe kwenye fulana kuukuu kabla ya zile 40 za kamati.