Mwanangu anataniwa shuleni mpaka hataki kwenda, naombeni ushauri

Mama Wawili: Habari za jioni wanajukwaa. Kijana wangu ana miaka minane, darasa la tatu. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Wenzake wanamzomea, wanamwimbia, wanaziba pua akipita. Nataka nimpeleke bweni mbali akaanze upya. Nani ana uzoefu na bweni za Moshi au Iringa?

Pugu Kwetu: Waraka wa elimu wa 2023 ulisitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Huyo wa la tatu atapokelewa wapi?

Baba Tatu: Mfundishe ngumi. Sisi Tabora niliitwa Kichwa Nazi, nikamkunja mmoja tu pale bombani, wote wakanyamaza. Watoto wa siku hizi mnawadekeza mno.

Dada Tunu: Wanamwimbia nini? Na pua wanaziba kwa nini?

Mama Wawili: Utoto tu.

Dada Tunu: Ukificha, tutakushauri gizani.

Mama Wawili: Haya. Anakojoa kitandani. Aliyewaambia ni binamu yake, tunaishi naye. Ni mtoto wa wifi, na nyumba ni ya mama mkwe, hapo mimi sina kauli. Bweni moja limekubali kumchukua, ada nimeshalipa nusu.

Mzaramo Asilia: Kikojozi umpeleke akalale dabo deka na wenzake ishirini? Chai hii! Tena kwenye uzi wa viwanja ulisema unakaa kwako Goba.

Mama Wawili: Goba ni msingi tu, hatujahamia. Nitunge haya ili iweje?

Nesi Zuhura: Mtoto hakojoi kwa kusudi, msimpige wala msimwaibishe. Mara nyingi ni ya kurithi, ulizia upande wa baba na wako. Choo kigumu nacho huchangia, na kama ana sikoseli mwambie daktari. Mwalimu wa darasa mwone faragha, akomeshe kuzomea bila kutaja mkojo mbele ya darasa. Binamu aonywe na bibi. Ukikwama, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Aliwahi kuacha kabisa?

Mzaramo Asilia: Goba ipi kwanza?

Dada Tunu: Achana na Goba wewe! Mama Wawili, mjibu nesi.

Mama Wawili: Aliacha akiwa na minne. Alianza tena baba yake alipohamishiwa kikazi Kigoma.

Nesi Zuhura: Basi kesho akapimwe mkojo na sukari, usiseme ni huzuni kabla ya vipimo. Na baba ampigie kila jioni. Hiyo ada kaidai.