Mtoto wa marehemu kaka ananyanyaswa shuleni, naombeni ushauri (Kigoma)

Wanajamvi, salaam. Ninalea mtoto wa marehemu kaka yangu hapa Ujiji, kidato cha pili, shule ya kutwa. Ana sauti nyororo na mwendo wa taratibu, basi wenzake wanamwita "dada", wanamchania madaftari, wanamvizia chooni. Siku hizi hanywi maji tangu asubuhi ili asiende chooni. Akirudi anamaliza kopo zima kabla hajavua viatu. Juzi mwalimu wa zamu kamchapa paredi nzima ikitazama, eti atembee kiume. Usiku akaniambia, "Shangazi, mimi wasichana hawanivutii." Nilimkumbatia. Sasa nifanyeje?

Mzee wa Katubuka: Binti yangu, mpeleke akaombewe mapema, na umhamishe shule.

Mwl. Gungu: Mzee wangu, shikamoo, ila maombi hayawaondoi wanaomvizia chooni. Shangazi, kanuni za viboko za 2002 zinasema ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mwendo wa mtu si utovu wa nidhamu! Mwandikie mkuu wa shule, nakala kwa afisa elimu kata na ustawi wa jamii. Taja siku, majina, ambatanisha daftari lililochanwa. Alichokuambia usiku usikiandike humo, wala usimwambie mwalimu yeyote. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu tendo la ngono "kinyume cha maumbile", si hisia za mtu, lakini mtaani nani anatofautisha? Atakayeumia ni mtoto.

Mama Mwanga: Wakikuzungusha piga 116, simu ya mtoto, bure. Kuna na dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza ukatili kwa mtoto, yeyote yule.

Kijana wa Kasulu: Mimi nilikuwa kama yeye. Niliacha shule kidato cha tatu, kwa sababu hata nyumbani walinicheka. Shangazi, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru; kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Na umtafutie mwenzake mmoja wa kwenda na kurudi naye.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Mzee, nimekusikia, lakini kumhamisha wakati mtihani wa Novemba unakaribia ni kumwadhibu aliyeonewa. Kijana wa Kasulu, nimemuuliza, tumeongea hadi usiku mwingi. Barua iko tayari, Jumatatu naipeleka mwenyewe.