Tumelipia antivairasi, skani ya usiku haifanyiki, na bado inatuwekea tiki ya kijani!

Wakubwa, leo nimejaa hadi hapa.

Nina duka la kuchapa na kufotokopi hapa Arua. Kutwa watu wanachomeka flashi zao kwenye laptopu yangu: wanafunzi na ripoti, wafiwa na ratiba za mazishi, vijana na CV. Nimelipa leseni ya mwaka mzima, nikapanga skani ya kutafuta virusi kila siku saa nane usiku, laptopu naiacha inawaka. Kila asubuhi tiki ya kijani: "Umelindwa".

Juzi mteja akarudi amefura. Folda zote kwenye flashi yake zimegeuka njia za mkato (shortcut), kazi ya virusi, na binti ana ripoti ya kuwasilisha siku hiyo hiyo! Nafungua historia ya skani, ya mwisho ni ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita, jamani!

Nikawaandikia waliouza. Jibu: ondoa programu, weka upya. Nikafanya. Usiku ule, hakuna skani.

Aliyeliona tatizo ni fundi wa jirani. Programu hii inatumia kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler), kinachoanzisha kazi kwa saa uliyopanga. Kwenye masharti ya ile kazi, kisanduku cha "anza tu kompyuta ikiwa kwenye umeme" kina alama. Kwenye mipangilio, kile cha kuendesha kazi mapema iwezekanavyo baada ya kukosa muda wake kiko tupu. Sasa umeme ukikatika saa nane usiku, laptopu iko kwenye betri, skani inarukwa mpaka kesho. Kesho ukikatika tena, basi hivyo hivyo. Tukatoa alama ya kwanza, tukaweka ya pili, na ile ya kuiamsha kompyuta ikilala. Skani imepita.

Ila hasira yangu haijaisha. Skani ikikosa, kwa nini hiyo tiki isigeuke nyekundu? Wanauza huku Uganda, hawajui umeme wetu? Na ukiweka antivairasi nyingine, Defender, ile inayokuja na Windows, kwa kawaida inajizima, ikiwaachia wao kazi. Kwa hiyo usiku wote huo hakuna skani iliyopangwa iliyofanyika, si yao wala ya Defender.

Nataka warekebishe hiyo tiki, au warudishe pesa yangu.

Mlioko Gulu, Mbale, Kasese, fungueni historia ya skani sasa hivi, msiiangalie tiki. Andikeni hapa tarehe mliyoikuta.