Ua la maombi la Mama Neema

Kikundi: UKOO WA BABU, USA RIVER, ARUSHA

Jumamosi

Mama Neema: Wapendwa, habari za jioni. Bibi shikamoo. Naombeni msaada, na msinicheke.

Mama Neema: [picha]

Mama Neema: Hili ua nimelinunua Januari kwa wale wauza miche wa barabarani, elfu ishirini na tano. Lilikuja zuri, mishipa ya majani myekundu kama imechorwa kwa kalamu. Sasa tazameni ncha. Kila jani limeungua.

Baba Kelvin: Hilo la plastiki, limekaa karibu na jiko 😂

Mama Neema: Nimesema nini mimi?

Shangazi Eli: Pole mwanangu. Hilo ni jua. Limeanikwa.

Mama Neema: Ndicho nilichosema! Huyu dada wa kazi, Zawadi, huwa analitoa barazani akideki, halafu analisahau huko mpaka saa saba. Nimemsema wiki nzima. Juzi kalia jikoni.

Neema: Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema: Neema, nimeshausoma.

Shemeji Hamisi: Shemeji, ndilo lile linalofunga majani usiku?

Mama Neema: Ndilo. Muuzaji aliniambia linaitwa ua la maombi. Ikifika saa moja jioni majani yanasimama yote, yanaelekeana kama viganja. Asubuhi unayakuta yameshafunguka.

Shemeji Hamisi: Saa moja? Hiyo ni magharibi. Huyo ni wa kwetu.

Shangazi Eli: Wapi! Anaamka saa kumi na mbili na kengele ya usharika. Mlutheri huyo.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 1:48]

Neema: Kwa walio kwenye daladala: Bibi anasema walipokuwa wanachunga mbuzi kulikuwa na kifauwongo, ukikigusa kinajifanya kimekufa, ukiondoka kinafufuka. Anasema mmea unaojua kusogea usiufanyie dharau. Dakika iliyobaki ni habari za mbuzi mmoja.

Daudi (Hamburg): Bibi shikamoo. Shangazi, Mjomba, shikamooni. Bibi hajakosea, kazi ni ileile. Pale kikonyo kinapokutana na jani pana uvimbe mdogo, ukipapasa utausikia. Chembe za upande mmoja wa ule uvimbe zikijaa maji na za upande wa pili zikinywea, jani linainuka. Mwanga ukirudi inakuwa kinyume chake. Kifauwongo kinafanya hivyo ukikigusa, hili linafuata giza na saa yake lenyewe. Jina la kitabuni ni Maranta leuconeura, kwao ni misitu ya Brazili, linatambaa chini kwenye kivuli cha miti mikubwa. Mke wangu ni wa Bunia, Kongo, anasema majani ya mongongo ambayo Wambuti wanaezekea vibanda vyao kule Ituri ni ya jamii hiyohiyo. Mimi ninalo dirishani huku mwaka wa tatu.

Baba Kelvin: Kaka, tumekuuliza ncha, umetupeleka Brazili kupitia Ituri.

Daudi (Hamburg): Haya, ncha. Mama Neema, piga picha ya jani moja karibu. Halafu ligeuze, piga na tumboni.

Mama Neema: [picha] [picha]

Shangazi Eli: Tumboni hakuna utando? Nyanya zangu mwaka juzi zilimalizwa na utitiri mwekundu, ulianza hivihivi.

Mama Neema: Nimepangusa na kitambaa cheupe, kimetoka kisafi.

Daudi (Hamburg): Basi si utitiri. Na jua pia si lenyewe. Likipigwa na jua hili ua linapauka, ile michoro inafifia kama kitenge kilichofuliwa sana, na likiungua linaungua popote, hata katikati. La kwako rangi imekolea vizuri kabisa. Limeungua ncha na ukingo tu, mstari mwembamba kama pindo. Zawadi hana kosa.

Neema: 👀

Mama Neema: Sasa ni nini? Maji nampa kila siku, glasi nzima. Nilipoona ncha zinakauka nikaongeza, asubuhi na jioni.

Daudi (Hamburg): Punguza! Ingiza kidole kwenye udongo. Pakiwa pamekauka mpaka kiungo cha kwanza, mwagilia mpaka yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa pabichi, ondoka. Likishiba kupita kiasi mizizi inaoza, majani yanageuka njano na shina linalegea. Likiwa na kiu lenyewe litakwambia, majani yanajikunja mchana kama tambi.

Mama Neema: Lakini maji ni masafi jamani. Nayachemsha, yakipoa ndiyo nampa. Sijawahi kumpa mabichi.

Mjomba Elia: Mama Neema, unachemsha maji ya bomba la hapo kwako?

Mama Neema: Ndiyo Mjomba. Shikamoo.

Mjomba Elia: Marahaba. Kelvin yupo hapo? Mwambie atabasamu.

Baba Kelvin: Mjomba, mtoto anahusikaje?

Mjomba Elia: Basi tabasamu wewe.

Mjomba Elia: Nimekaa idara ya maji miaka thelathini na moja, nisikilizeni kidogo. Sisi tuliozaliwa Usa, Maji ya Chai, Ngurdoto, meno yetu ni ya kahawia. Huko mjini wanadhani hatupigi mswaki. Ni floraidi. Inatoka kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru, maji yakipita humo yanaichukua. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja isizidi miligramu 1.5, na huku kwetu chemchemi na visima vingi vinapita hapo mbali sana. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga huko ndani ya fizi, yanaota yakiwa tayari na madoa. Ndiyo maana aliyehamia Usa akiwa mtu mzima meno yake hayabadiliki rangi.

Mjomba Elia: Sasa kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo endelea, usiache. Floraidi haiondoki. Kinachoondoka kwa mvuke ni maji, yenyewe inabaki sufuriani. Kwa hiyo unampa ua supu iliyokolea kuliko ya bombani.

Shemeji Hamisi: Subhanallah.

Mama Neema: Mjomba, ua lina meno?

Mjomba Elia: Halina, ila linakunywa. Maji yanaingia mizizini, yanapanda, yanatokea kwenye majani kama jasho. Floraidi haitoki na jasho. Inasukumwa mpaka mwisho wa jani, na mwisho wa jani ni ncha na ukingo. Inarundikana pale siku baada ya siku mpaka panaungua. Ukaongeza glasi ya jioni, ukaongeza na mzigo.

Daudi (Hamburg): Hapo Mjomba umemaliza. Mimi ningesema hewa kavu, maana huku kwangu ncha ziliungua Januari kwa sababu ya hita ya ukutani. Maji ya bomba huku hayatiwi floraidi. Nililisogeza mbali na hita, nikaliweka juu ya sahani ya kokoto zenye maji, chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji. Watu wanapuliza majani kwa chupa, mimi niliacha, dakika kumi yameshakauka.

Mama Kelvin: Je, maji yakilala kwenye ndoo usiku kucha? Mimi ya samaki huwa nayalaza.

Mjomba Elia: Hiyo inasaidia harufu ya klorini. Floraidi inalala nayo na inaamka nayo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuiondoa, wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini kwa ua moja mkaa wa mifupa wa nini? Masika imeanza. Weka pipa chini ya mchirizi wa bati. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, kuanzia ya pili kinga.

Daudi (Hamburg): Na kabla hujaanza, lisuuze. Mimina maji ya mvua taratibu kwenye chungu, yapite yatoke chini, rudia mara tatu nne. Kuna mbolea uliyotia?

Mama Neema: Kijiko kimoja tu, ile ya kupandia mahindi.

Mjomba Elia: 🤦🏾‍♂️ Mbolea za fosfeti nazo huwa na floraidi.

Baba Kelvin: Huyu mtoto hajaachwa sehemu.

Mama Kelvin: Likipona mimi nataka mche. Unakatwaje?

Daudi (Hamburg): Fuata shina mpaka kwenye kifundo, kata chini yake kidogo, kifundo kiingie kwenye glasi ya maji na jani libaki nje. Maji ya mvua tena. Wiki mbili mpaka nne utaona mizizi. Na Juni baridi ya Meru ikishuka usiliache kwenye kioo cha dirisha usiku, likipata chini ya nyuzi 15 linanuna.

Neema: Paka ametafuna jani moja, atakufa?

Daudi (Hamburg): Hapana, hili halina sumu kwa paka wala mbwa.

Neema: Sawa. Alitapika zulia la sebuleni lakini.

Mama Neema: NEEMA.

Wiki tatu baadaye, Jumapili

Mama Neema: Bwana asifiwe. Mjomba, Daudi, tazameni.

Mama Neema: [picha]

Mama Neema: Liko katikati pale. Lilitoka limejiviringisha kama sigara, leo limefunguka. Ncha mpaka ncha, kijani.

Mjomba Elia: Sasa hilo ndilo la kuhesabia. Yale ya zamani usiyasubiri, hayaponi.

Daudi (Hamburg): Pazuri sana! Zile ncha kavu ukitaka zikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, acha uzi mwembamba wa kahawia, usikate penye uhai. Jioni linasimama?

Mama Neema: Linasimama, ila linachelewa. Baba Neema anaangalia mpira mpaka saa sita na taa inawaka.

Shemeji Hamisi: Mnamkosesha magharibi mtoto wa watu.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:06]

Neema: Bibi anauliza, "Na Zawadi je?"

Baba Kelvin: Kimyaaa.

Mama Neema: Bibi, Zawadi yupo. Maji ya mvua anakinga yeye, tena ameandika kwenye ndoo kwa makapeni YA UA MSIGUSE. Ila tangu siku ile akinijibu ni "ndiyo mama", "sawa mama". Basi.

Shangazi Eli: Hujamwomba radhi wiki tatu?

Mama Neema: Nimemnunulia kitenge.

Shangazi Eli: Kitenge ni nguo. Wewe umeolewa Uchagani miaka kumi na minane, hujui? Mtu akimkosea mwenzake anakwenda na jani la isale mkononi. Hata hotuba haina haja. Na mwenye kulipokea hawezi kukataa.

Mama Neema: Shangazi, Zawadi ni Mnyaturu.

Shangazi Eli: Atalielewa, Neema atamfafanulia. Si nilikupa mche Krismasi? Uko pale mlangoni kwenye chungu. Kakate jani.

Mama Neema: Sawa. Ngoja.

Mama Neema: [picha]

Mama Neema: Shangazi. Mbona nalo ncha zake hivi?

Mjomba Elia: Hilo isale unalimwagilia nini?

Mama Neema: Bomba.

Mjomba Elia: Masale nayo hayaipendi floraidi. Huko Marangu yanakunywa mvua, yako mpakani mwa shamba, nani anayachotea?

Baba Kelvin: 😂😂😂 Msamaha wenye meno ya Usa

Shangazi Eli: Hilo usimpe mtu! Litaleta mengine. Jumamosi ninashuka na gari la ndizi, nitakuja na la kwangu. Mpaka hapo mpokee Zawadi ndoo, uchote wewe.

Zawadi ameongezwa kwenye kikundi na Neema

Mama Neema: Neema!!