MJADALA: Wazo ambalo hulitumii, ulitoe hadharani au ukae nalo?

Mleta Mada
Wadau, karibu kila mtu ana daftari au faili kwenye simu lenye mawazo asiyoyafanyia kazi: kifaa cha nyumbani, njia bora ya kupanga foleni, maelezo ya kwa nini watu hugombana zaidi kwa mambo madogo kuliko makubwa. Mengine yamekaa humo miaka kumi. Mwenyewe hana fedha, hana karakana, na hamu ilishapoa.

Msimamo wangu: wazo ulilokaa nalo miaka miwili bila kuligusa, liweke hadharani bure, bila masharti. Leonardo da Vinci aliacha maelfu ya kurasa za michoro na hesabu alipofariki mwaka 1519. Sehemu kubwa haikuchapishwa hadi karne ya 19, na waliomfuata walilazimika kuyavumbua upya mengi aliyokwisha kuyachora. Linganisha na tarehe 30 Aprili 1993, siku CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ilipotangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya wote, bila malipo. Kila anayesoma mtandaoni leo anakula matunda ya uamuzi ule.

Halafu tusijidanganye kwamba wazo ni letu peke yetu. Nyaraka za simu za Alexander Graham Bell na Elisha Gray zilifika ofisi ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) ya Marekani siku moja, tarehe 14 Februari 1876. Na kuna lile la Spencer Silver wa kampuni ya 3M: mwaka 1968 alipata gundi dhaifu isiyo na kazi, akaendelea kuwaeleza wengine, hadi Art Fry mwaka 1974 alipoona inafaa kushikiza alama kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Vile vikaratasi vya kubandika na kubandua vikaenea madukani Marekani nzima mwaka 1980. Angenyamaza, vingetoka wapi?

Mkaguzi wa Hataza
Mleta mada, hapo kwenye "bila masharti" ndipo watu wanapoumia. Na mfano wako wa gundi unakugeuka. Silver alikuwa anawaeleza wafanyakazi wenzake, ndani ya kampuni, na hataza ya gundi ile ilitolewa mwaka 1972. Walikuwa wameshafunga mlango.

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na upya hupimwa dhidi ya kila kilichokuwa hadharani kabla ya tarehe ya maombi, popote duniani, kwa lugha yoyote, kwa maandishi au kwa mdomo. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973, ukitangaza leo ukaomba kesho umeshachelewa, hata kama aliyetangaza ni wewe mwenyewe. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya msamaha tangu alipotangaza, na Japani pia sasa ni miezi 12. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kusoma kuhusu miezi hiyo, akatangaza kwa raha zake, kisha akagundua kwamba nchi nyingine alizozitaka hazina msamaha huo.

Kama kuna chembe ya uwezekano kwamba utalihitaji wazo lako, peleka maombi kwanza ndipo useme. Ukishapata tarehe ya maombi ya kwanza, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama, na tarehe yako ya kwanza inahesabika kote. Maombi yenyewe huchapishwa baada ya miezi 18, na hataza ikitoka hudumu miaka 20 tangu kuomba, mradi ada zinalipwa. Jambo moja wengi hawalijui: ukienda kuzungumza hadharani baada ya kuomba, kisha ukataja humo kiboresho ambacho hakimo kwenye maombi, kiboresho hicho umekitoa bure kwenye nchi zisizo na msamaha. Tarehe yako inalinda kilichoandikwa tu.

Kuna pia mawazo ambayo kuyatoa bure ni kuyaua. Dawa mpya inahitaji majaribio ya miaka mingi, na ni wachache sana watakaogharimia majaribio ya kitu ambacho kila mtu anaruhusiwa kukitengeneza siku ya pili.

Fundi Vipimo
Nyote mnazungumza kana kwamba wazo ni kitu kamili kinachosubiri kutolewa au kufichwa. Mengi yaliyomo kwenye madaftari ni mabichi. Kuyamwaga hadharani hakumsaidii mtu, na kuyaficha hakumnyimi mtu kitu.

Angalieni sanduku la safari lenye magurudumu. Bernard Sadow alilibuni mwaka 1970, hataza ikatoka 1972. Lake lilikuwa na magurudumu manne madogo chini na mkanda laini wa kuvutia. Sanduku refu lililosimama kwenye kitako chembamba, likivutwa kwa mkanda usioweza kulizuia lisiyumbe, huanguka kwenye kila kona. Mwaka 1987 rubani Robert Plath alibakiza magurudumu mawili, akaweka mpini mgumu unaovutwa ukarefuka na kurudishwa ndani. Sanduku likalazwa, uzito ukakalia ekseli, mkono ukabeba sehemu ndogo tu. "Tia sanduku magurudumu" mtu yeyote angeweza kusema. Miaka 17 ilipotea kwenye swali la magurudumu mangapi na mpini wa namna gani.

Kwa hiyo mimi natetea kutoa, ila kutoa kilichopikwa. Nitaonyesha kwa kitu cha zamani kisicho na siri: kipimo cha maji cha nje ya tangi. Wazo bichi ni hili: "Weka boya ndani, lifunge kwa uzi upite juu ya kapi, na nje ning'iniza jiwe litakaloonyesha kiwango." Ni sentensi moja, na atakayeifuata atakwama siku hiyohiyo.

Lililopikwa ni hili. Boya ni chupa ya plastiki ya lita moja, ndani umetia mchanga mkavu mpaka jumla ifike gramu 600, kifuniko kimezibwa kwa gundi isiyopitisha maji. Jiwe la nje gramu 300. Kwa mizani hiyo chupa inazama kiasi cha mililita 300 tu, na iliyobaki inakaa juu ya maji. Uzi uwe wa plastiki usionyonya maji, kama mshipi wa kuvulia. Wa pamba hubadilika urefu ukilowa na kipimo kinahama. Tundu la uzi kwenye mfuniko lipitishwe kwenye kipande kifupi cha bomba, kwa sababu tundu wazi huingiza mbu na mwanga, na mwanga huotesha mwani wa kijani. Ndani, boya likae kwenye bomba pana lililosimama, lenye matundu ubavuni, la sivyo maji yanayoingia yatalizungusha mpaka uzi ujisokote. Kumbuka kipimo kinasomeka kinyume: jiwe likiwa chini, tangi limejaa.

Sasa sehemu ambayo watu huisahau wanapogawa mawazo: kinachoharibika. Ukitumia chupa tupu ya gramu 50 na jiwe la gramu 300, jiwe linashinda, chupa inapandishwa hadi kwenye kapi na jiwe linashuka hadi chini. Kipimo kitasema "limejaa" siku zote, hata tangi likikauka. Na ukifanya boya na jiwe zikaribiane uzito, tuseme 320 kwa 300, tofauti ya gramu 20 haitoshi kushinda msuguano wa kapi. Boya litaachwa likining'inia huku maji yanashuka. Aya hii moja ina thamani kuliko michoro mitano.

Msomi wa Tabia
Mleta mada aligusa pia mawazo juu ya tabia za watu, na hayo yana kanuni zake. Hayana hataza, kwa hiyo hofu ya Mkaguzi haiyahusu. Shida yao ni kwamba ni rahisi kuyaamini. "Watu hugombana kwa madogo kwa sababu makubwa yanawatisha" ni sentensi tamu, na kila msomaji atakumbuka tukio linaloithibitisha. Kabla hujalitoa, ongeza mstari mmoja: ni jambo gani likionekana litaonyesha nimekosea? Kwa mfano huo, kama watu wasiotishwa na suala kubwa nao hugombania madogo kwa kiasi kilekile, maelezo yameanguka. Bila mstari huo unagawa msemo tu.

Kuna hatari ya pili. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio kuhusu nia zinazogusa utambulisho wa mtu, kama mwanafunzi wa sheria anayesema atasoma kwa bidii awe mwanasheria mzuri. Wale ambao nia yao ilitambuliwa na mtu mwingine walifanya kazi kidogo kuliko wale ambao haikutambuliwa. Kule kutambuliwa kunampa mtu ladha ya kuwa tayari amefika. Kwa hiyo wazo ambalo bado unataka kulifanya, usilitangaze ili usifiwe. Ambalo umeshaachana nalo, huna cha kupoteza.

Na andikeni kila mtu peke yake kabla ya kukusanyika. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha vikundi vya watu wanne waliobungua bongo pamoja na watu wanne waliofanya kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Wa peke yao walitoa karibu maradufu. Mwaka 1987 watafiti Diehl na Stroebe walionyesha sababu kubwa: unaposubiri zamu ya kusema, wazo lako linakwama au linapotea.

Mtunza Kumbukumbu
Mkaguzi ameeleza namna kutangaza kunavyomfungia mlango aliyetangaza. Kunawafungia wengine pia, na mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa zaidi.

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo linalojulikana India tangu enzi. India ilipinga kwa kuonyesha maandiko, yakiwemo ya Kisanskriti na makala ya kitabibu ya mwaka 1953, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Mwarobaini nao: hataza ya Ulaya ya mafuta yake dhidi ya kuvu ilitolewa 1994, ikafutwa 2000, rufaa ikashindwa 2005. Marekani wakati ule, matumizi ya nchi nyingine yasiyoandikwa hayakuhesabiwa. Bila karatasi yenye tarehe, manjano yangekuwa na mwenyewe.

Makampuni yanalijua hili siku nyingi. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilichapisha jarida lake la mawazo ya kiufundi tangu 1958 hadi 1998, na mengi ambayo haikutaka kuyaombea hataza iliyamwaga humo ili mshindani asiyachukue.

Kwa mtu wa kawaida, mambo ni haya. Usiishie kwenye ujumbe wa kikundi cha simu. Hautafutiki wala tarehe yake haithibitishiki kirahisi. Weka waraka kwenye hazina ya wazi kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN: ni bure, inarekodi tarehe na kukupa namba ya kudumu ya waraka. Hifadhi pia nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao. Andika kwa undani unaomwezesha fundi wa fani hiyo kukitengeneza bila kukuuliza, maana maelezo ya juujuu ni silaha butu mbele ya mkaguzi. Na msichanganye leseni. Hakimiliki hulinda maneno na michoro, hailindi wazo lililomo. Leseni ya Creative Commons (ruhusa ya wazi kwa wengine kutumia kazi yako) juu ya waraka wako inahusu kunakili waraka tu. Anayetengeneza kifaa kilichoelezwa humo hahitaji ruhusa yake.

Mkaguzi wa Hataza
Dada Mtunza Kumbukumbu, nakubali kwa sehemu kubwa. Naongeza mpaka wake. Benjamin Franklin alikataa hataza ya jiko lake la chuma, na yeye mwenyewe ameandika kwamba fundi mmoja wa London alilibadilisha kidogo, akalichukulia hataza huko na kujipatia fedha. Kuchapisha kunazuia kile ulichokichapisha. Hakuzuii kiboresho halisi cha mwingine. Kwa hiyo ukiandika, taja na namna nyingine zinazowezekana: chuma au plastiki, boya la duara au la bomba, kapi moja au mbili. Kila namna uliyoitaja umeitoa kwa wote.

Na kabla ya yote, soma mkataba wako wa kazi. Wazo ulilolipata katika kazi uliyoajiriwa kuifanya huenda si lako kuligawa.

Mleta Mada
"Bila masharti" naifuta. Liandikwe na vipimo vyake, tarehe, na kinachoharibika. Lakini miaka miwili siiachi, Mkaguzi. "Huenda nitalihitaji" ndilo neno lililojaza madaftari yote haya.

Mkaguzi wa Hataza
Hapo hatutakubaliana. Kuna watu wanaohitaji miaka mitano kupata mshirika tu.

Msomaji Mpya
Fundi Vipimo, kuna hitilafu moja umeisahau. Uzi ukikatika jiwe linaanguka chini, nalo pia litasomeka "limejaa". Rekebisha hivi: alama ya "limejaa" iwe sentimita 10 juu ya mahali jiwe linapoweza kufika mwisho, na hizo sentimita 10 zipakwe nyekundu. Kapi nayo iinuliwe, boya linapoelea tangi likiwa limejaa libaki na nafasi ya sentimita 15 kabla ya kuigusa. Hapo uzi ukikatika, au boya jepesi likivutwa juu, jiwe litaingia kwenye nyekundu na mwenye tangi ajue kipimo kimekufa.

Fundi Vipimo
Sahihi kabisa, mkuu. Inashika hitilafu zote mbili kwa rangi moja. Ile ya boya kukwama kwa msuguano haiishiki, hiyo bado dawa yake ni tofauti ya gramu 300 na tone la mafuta kwenye ekseli ya kapi. Nitaiandika nyekundu hiyo kwenye waraka pamoja na tarehe ya leo.